Hadubini ya Waheshimiwa

Jambo la mwisho la kawaida nyumbani kwetu: mke wangu, mwalimu wa biolojia, alipangusa hadubini yake kwa kipande cha kitenge, akaifunika. Wiki iliyofuata tulimzika.

Kisha wabunge wa jimbo wakaja kukagua chuo chake hapa Masisi. Bila maabara, idara yake ya biolojia ingefungwa. Mkurugenzi wa chuo akaja kuazima ile hadubini kwangu.

"Papa Directeur, labo iko wapi?" mbunge mmoja akauliza, akitafuta maabara.

"Njo hii, Honorable," mkurugenzi akaionyesha hadubini.

"Na mwalimu wake?"

"Iko mu congé."

Mbunge akachungulia kwenye lenzi iliyofunikwa, akatangaza kwamba ameridhika. Hakuuliza likizo inaisha lini.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kuichukua. Wanafunzi walikuwa wamepanga mstari mbele yake. Nikaifunua, nikapangusa lenzi, nikaanza somo.