Kompyuta Tuliyoianika Juani

Plastiki ikipata joto karibu yangu, mpaka leo nasikia harufu ya alizeti. Kompyuta yangu ya chuo inapochemka mapajani, chumba chote hutoweka, nikauona uwanja wa Bibi kule Kinampanda: turubai limetandazwa, vichwa vya alizeti vimelala chali, majani ya mlenda yanajikunja kwa ukavu, na katikati yake kompyuta, mdomo wazi, inaota jua.

Niwasimulie ilivyofika pale.

Bibi yangu hakuruhusu mtu avae nguo ya mtumba kabla haijaanikwa. Aliiita kwa jina la zamani, kafa ulaya, na jina hilo alilichukua kama lilivyo: mwenye nguo amekufa huko, nguo imekuja, na yeye huenda bado yumo kwenye mikunjo. Aliifua, akaitandaza juu ya ua wa minyaa kutwa nzima. Jua linamtoa mwenyewe, alisema. Gauni langu la Krismasi lilipauka bega moja kabla sijalivaa. Aliponiona nimenuna, akanitania kwamba afadhali mke mwenza aliyepauka kuliko mke mwenza mwenye Mzungu ndani.

Kompyuta ililetwa shuleni pamoja na marobota ya nguo za namna hiyo hiyo, zawadi kutoka nchi ya mbali. Ilikuwa moja, ya shule nzima. Mwalimu Msengi, mwalimu wetu wa hesabu, aliifungua mbele yetu. Kioo kikawaka buluu, na katikati likatokea neno: ANNIKA. Darasa zima tulilisoma kwa sauti. Kulikuwa na N iliyozidi, lakini tulimsamehe Mzungu kwa Kiswahili chake. Mwalimu naye akasema labda imeingia unyevu safarini.

Mwalimu alikuwa amepanga chumba kwetu, na kompyuta ililala kwake kwa usalama. Jioni nilipomweleza Bibi neno lile, hakucheka. Aliuliza tu kama ni kafa ulaya. Nikajibu ndiyo.

"Basi imeomba yenyewe," alisema. "Ianikeni."

Mwalimu hakutaka kubishana na mama mwenye nyumba. Jumamosi ikaanikwa pamoja na alizeti, na kufika alasiri ilikuwa haishikiki kwa moto.

Jumatatu, baada ya vipindi, Mwalimu aliiunganisha na simu yake, maana mnara mpya ulikuwa umeanza kushika hadi kwetu. Tulibaki naye darasani mimi na Zuhura, niliyekaa naye dawati moja. Hatukugusa kitu. Picha zikaanza kushuka zenyewe. Msichana wa rika letu, nywele zake rangi ya nyasi kavu. Msichana yule yule, kitambaa kichwani, nyusi hana. Kisha amelala kwenye kitanda cheupe. Kisha kitanda kile kile kimetandikwa, hakuna mtu. Mwisho jiwe lililosimamishwa juu ya kitu cheupe tulichodhani ni chumvi, na kwenye jiwe neno lile lile.

"Siyo amri," Zuhura alinong'ona. "Ni jina."

Tulimweleza Bibi. Akasema jua limefanya kazi yake, mwenyewe ametoka. Taabu ni kwamba sasa hana pa kwenda.

Tangu hapo, kila tulipopata mtandao, ilishuka picha mpya: dirisha, kikombe, kitanda kilichotandikwa. Juu ya kioo kulikuwa na jicho dogo la kamera, na sisi tulikuwa tumejipiga picha nalo kwa kucheka, mimi, Zuhura na Mwalimu. Siku moja tukaiona picha yetu kwenye safu ile ile. Tulikuwa tumepangwa baada ya jiwe.

Tukiwa bado tunaitazama, chini yake yakaanza kutokea maandishi, kwa Kiswahili cha mtu aliyekiokota njiani: "Habari. Nani ni huko?"

Kwetu, mtoto akiitwa na asiyemwona, haitiki. Husubiri uso. Mimi mikono niliikalia. Zuhura alikuwa ameshanyoosha kidole, akasema kwamba mtu akisalimia anajibiwa. Mwalimu alikishika kidole chake kwa upole. Mwenye mali akijua iko wapi ataitaka, alisema, na sisi hatutapata nyingine.

Maandishi yakaja tena: "Tafadhali msizime."

Mwalimu akazima. Baadaye fundi wa Kiomboi aliifuta yote. Iliporudi jina halikuwemo, nasi tukajifunzia humo kuandika ya kwetu.

Chuoni nimefundishwa jinsi picha zinavyohifadhiwa mbali na kufuata akaunti ya mwenyewe popote alipoiacha wazi. Somo lenyewe limeshazeeka. Kompyuta ile leo isingefungua ukurasa hata mmoja. Kwa hiyo mashine niliielewa. Aliyekuwa akiandika sikumwelewa, mpaka Bibi alipofariki.

Laini yake ya simu ilikaa bila kutumika, kampuni ikampa mtu mwingine. Mimi sikulifuta jina lake kwenye simu yangu. Mchana mmoja, nikiwa maktaba, nikaona picha yake ya kitenge cha kijani imeondoka, na mahali pake yupo mtoto mwenye pengo. Juu imeandikwa Bibi. Chini imeandikwa yupo mtandaoni.

Vidole viliandika kabla sijafikiri: "Nani huko?"

Alama mbili zikageuka buluu. Nikasubiri. Nilitaka tu mtu yeyote aseme hajambo kwa jina lile. Ndipo nilipomwona yule mwanamke wa mbali, nadhani ni mama, mbele ya kioo chake, akitazama nyuso tatu ngeni zilizochomoza nyuma ya jiwe la mwanawe. Upande ule, mizimu tulikuwa sisi.

Tafadhali usizime, niliandika.

Lile neno, mtandaoni, likafifia. Simlaumu yule mtoto. Huenda naye ana bibi, na bibi huyo amemfunza kutoitika.