Mdogo Ashike Mbele

Kamba ya katani ikinyeshewa ina harufu yake, kama majani yaliyooza yakichanganyika na mbuzi. Juzi nilisimama kwenye geti la chekechea hapa Busia, namngoja mjukuu wangu, mvua imetoka kupiga. Ticha akawatoa watoto uani wacheze. Akawapa kamba ndefu, kila mtoto aishike kwa mkono mmoja, waende kama nyoka bila kuiachia. Harufu ile ikanifikia, na miguu yangu hii mizee ikataka kukimbia.

Nitawaambia kwa nini, na msinionee huruma. Mimi si wa kuonewa huruma.

Nililelewa kijijini Mwello, kwa nyanya mzaa mama. Mfupi, mkali, viganja vigumu kama mpini wa jembe. Tulikuwa watoto watano pale, na mchezo aliotufundisha ulikuwa huo huo. Tulishika kamba ya kufungia ng'ombe, tukazunguka mihogo, tukapita katikati ya mtama, tukarudi. Mshindi hakuna. Mmoja akiachia, wote mnaanza upya. Na aliyetangulia alikuwa mdogo kuliko wote, ndugu yangu Owere, ambaye hata kamasi zake hakujua kuzifuta. Owere akiona panzi, anasimama. Sisi wote tunasimama nyuma yake kama wajinga.

"Nyanya, huyu atatulaza shambani," Ofwono akalalamika. Ofwono ni mtoto wa mjomba, ndiye mkubwa wetu, miguu kama ya korongo.

"Basi mtalala wote," nyanya akasema.

Tukifika alituita majina, kila mtu aitike. Langu aliliita mwisho siku zote, ingawa kwenye kamba nilikuwa wa pili. "Athieno!" Na hakunitazama. Alitazama kule mtamani tulikotoka, mpaka niitike hapa kwenye kiwiko chake ndipo ageuke. Nilidhani macho yake yameanza kuharibika. Ofwono alinitania eti nina pacha wangu anayeishi mtamani, mchafu kuliko mimi.

Miaka ile ilikuwa mibaya kwetu. Alasiri moja tukasikia risasi upande wa barabara. Watu wakaanza kupita mbio, mwingine na kuku kwapani, mwingine na sufuria ambayo ugali wake bado unafuka moshi. Askari wanakuja, wakasema. Nyanya alikuwa na mtoto mchanga wa mama mdogo mgongoni. Hakupiga kelele. Akachukua kamba iliyokuwa imelowa pale nje, akampa Owere ncha yake, akasema, "Tunacheza."

Tukaenda. Majirani walitupita, wakubwa kwa wadogo, wanatushangaa. Sisi tunafuata hatua za mtoto wa miaka mitatu. Tulipofika kwenye mafunjo, Owere akayaona maji meusi, akasimama. Risasi zikalia tena, karibu zaidi. Ofwono akaivuta kamba kutoka nyuma, analia.

"Tumpite, nyanya. Tumpite tu."

"Ukimpita umempoteza." Halafu akainama, sauti ya chini kabisa. "Owere, baba, tupeleke."

Owere akatutazama mmoja mmoja. Akafuta kamasi kwa mkono wake, mara ya kwanza namwona akifanya hivyo, akaingia majini.

Tulikaa humo, maji yamemfika Owere kifuani, mpaka sauti za watu zikaisha huko juu. Ndipo nyanya akaita majina kwa kunong'ona. Langu likaja mwisho, naye ametazama nchi kavu. Nikaitika. Hakugeuka. Nikaitika tena, nikamvuta nguo. Akanitazama kama mtu aliyeletewa kitu ambacho sicho alichoomba, kisha akanishika kichwa kwa nguvu, nikaumia.

Nilikuwa nimeshazaa siku tuliyomzika nyanya, na mama mdogo ndiye aliyeniambia, tukimenya ndizi za matanga. Zamani, mimi sijazaliwa, wezi wa ng'ombe walivamia kijiji. Nyanya alikimbia na watoto wake, wakubwa mbele, mdogo wa mwisho ameshika upindo wa nguo yake. Walipofika kwenye mafunjo, upindo ulikuwa mtupu. Hakuonekana tena, hai wala maiti. Aliitwa Athieno. Mimi nilipozaliwa nikapewa jina lake, kama desturi yetu, jina lisipotee.

Kumbe miaka yote ile nilikuwa naitika mwito wa mtu mwingine.

Sasa pale chekechea, ticha alikuwa amewapanga wakubwa mbele, mchezo uende vizuri. Mjukuu wangu, mdogo kuliko wote, yuko mkiani, anaburutwa, akaanguka matopeni. Nikaingia bila kubisha hodi.

"Ticha, mdogo ashike mbele."

"Lakini mama, watachelewa."

"Wachelewe."

Akanitii, kwa kunistahi tu. Mjukuu wangu akashika ncha, akatembea kwa maringo hadi kwenye dimbwi la kwanza, akasimama kulichungulia. Wenzake wote wakasimama, wananung'unika. Nilipaswa kumtazama yeye, damu yangu yule. Lakini macho yangu yalikwenda nyuma kabisa ya mstari, pale kamba inapoishia, yakabaki huko.