Nilifuta Kengele za Mjomba kwa Sababu ya Injini

Nilikosa, na sitafuti wa kunionea huruma. Nichekeni tu. Mimi mwenyewe najidharau kila nikiwasha kompyuta.

Mimi ni wa Kitale. Rafiki yangu Wekesa alifanya kazi kwenye saiba moja ya intaneti Kanduyi, na huko alitengeneza gemu: kijana wa Kibukusu anakimbia akipiga kengele, anaenda kumwalika mjomba wake kwenye tohara. Kengele na wimbo alimrekodi mjomba wake mwenyewe akipiga na kuimba, mzee wa Kabuchai aliyekuwa anaugua. Mzee alitaka kitu kimoja tu: Agosti, msimu wa tohara ukianza, amwone huyo kijana akifika.

Na gemu ilicheza vizuri! Lakini ilitengenezwa kwa injini ndogo, yaani programu ya kutengenezea gemu, ile ya kuburuta picha kwa mausi. Mimi mjuaji nilikuwa nimejaza daftari zima nikilinganisha injini: hii ina vivuli, ile ina maji yanayotikisika. Gemu niliyowahi kumaliza? Hakuna hata moja!

"Hiyo ni injini ya watoto wa nasari," nikamwambia.

"Si inakimbia, bana? Mjomba anataka kengele, hajauliza vivuli."

Akaniachia flashi nimkagulie makosa madogo. Kompyuta za saiba zilifutwa kila wiki, kwa hivyo kila kitu kilikuwa humo tu. Nikafuta. Makusudi! Nilijua akikosa pa kurudi atanifuata kwa injini yangu kubwa. Nikamwambia ni virusi, akakubali tuanze upya kwa injini yangu.

Hiyo injini kubwa iligandisha kompyuta yangu kabla kijana hajainua mguu. Kazi yangu yote ilikuwa kilima kimoja chenye nyasi nzuri, bila mtu. Agosti ikapita, na mzee hakuwa tena na pumzi ya kuimba turekodi upya. Na Wabukusu hutahiri mwaka mmoja, wakaruka mwingine.

Mzee alifariki katika huo mwaka wa kurukwa. Kwenye matanga binti zake walimwomba Wekesa awachezee ule wimbo, wasikie sauti ya baba yao. Wekesa akainama, akasema virusi vilikula.

Nilimvuta kando nikamwambia ukweli. Hakunipiga. Heri angenipiga!

"Kumbe," akasema. "Na injini, ulichagua gani?"



Nyinyi mnaoshinda mkibishana injini gani ni kali, na mnawacheka wenye kutumia ndogo, mimi ni mwenzenu. Niko na daftari. Hao mnaowacheka wako na gemu. Msiguse kazi ya mtu.