Loki ya Nyuma na Mlima wa Kwetu

Mama alikataa katakata kuhamia kwangu Ukunda. "Nikakae vyumba vya kupanga, nisikilize redio ya jirani usiku kucha? Sitaki, mwanangu." Figo zake zilikuwa zimekwisha kuchoka, na kila wiki ilibidi apelekwe hospitali, Msambweni, akasafishwe damu kwa mashine. Kutoka nyumbani kwake, juu ya Kikoneni, hakuna njia ila ule mlima wa udongo mwekundu, ambao ukinyeshewa huwa utelezi mtupu. Akikosa mashine mara moja, anavimba miguu na uso. Akiikosa tena, ni msiba. Ndugu zangu wako mbali, mwenye gari ni mie.

Pikapu yangu ni kuukuu, nabebea nazi na mihogo mpaka Kona ya Musa, kwa hiyo siku nyingi iko kwenye lami. Ni foo-wili, injini inasukuma magurudumu yote manne. Watu wakisikia foo-wili hudhani gari litapanda hata ukuta. Wapi! Katikati ya kila ekseli, ule mhimili wa magurudumu, kuna difu, yale meno ya chuma yanayogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Gurudumu moja likikanyaga utelezi, nguvu yote inalikimbilia hilo hilo, linazunguka bure na kurusha matope, na lile lililoshika ardhi ngumu limetulia tuli. Masika ile tulikwama katikati ya mlima, Mama ameshika mlango kwa mikono miwili, mie natukana injini. Nilipomaliza akasema, "Sasa mwombe Mungu, maana injini imekwisha kusikia." Tulivutwa na trekta la watu. Tulifika hospitali tumechelewa, na nilikuwa na hofu ambayo sijapata kuwa nayo tena.

Nikaenda kwa fundi, Ukunda, kijana wa bara. "Madam, hiyo difu tunaichomelea tu, magurudumu yote mawili yanazunguka pamoja, mambo kwisha." Nilimwambia kwanza madam si jina langu, pili anipandishe gari lililochomelewa nione. Alikuwa nalo la mteja mwingine. Jamani! Kwenye matope lilikwenda vizuri, sisemi uongo. Lakini tulipokata kona kwenye lami, matairi yalilia, na gari likaruka likarudi, likaruka likarudi, maana gurudumu la nje linataka kwenda mbio kuliko la ndani na halina ruhusa. Mama aliwahi kuanguka akaumia nyonga. Kila mruko ule niliusikia kwenye nyonga yake, ingawa yeye hakuwamo.

Fundi akanionyesha loki, yaani kufuli la difu, inayojifunga yenyewe. Hiyo nayo hugonga kwenye kona, na barabara ikilowa huweza kuusukuma mkia wa gari pembeni bila kukuuliza. Kuna ile ya sahani za msuguano, laini kabisa kwenye lami, lakini gurudumu likining'inia hewani haikusaidii sana. Ya mwisho ilikuwa ya swichi: ukiwa barabarani difu ni huru kama ilivyotoka kiwandani, ukifika kwenye matope unabonyeza, upepo wa pampu ndogo unaifunga, magurudumu ya nyuma yanakwenda pamoja. Fundi alisema ni ghali kwa gari la mihogo. Nikamjibu kwamba mihogo haina nyonga. Tukafunga hiyo, ekseli ya nyuma peke yake, kwa sababu ukipanda mlima uzito wote hurudi nyuma.

Siku ya kwanza nilipobonyeza, Mama alingoja kelele, akaona gari linapanda polepole kama mtu anayekwenda sokoni. "Umelitia gari meno," akasema, "mimi ninamaliza yangu." Alicheka mpaka akakohoa. Masika yote ile hatukukosa mashine hata wiki moja. Nilijiona nimeshinda, wallahi.

Alifariki asubuhi moja ya mwisho wa masika hiyo, hospitali, Msambweni, mkono wake mkononi mwangu, na mvua haikuwa imekatika. Kwetu maiti hacheleweshwi. Tulimlaza nyuma ya pikapu, juu ya godoro, chini ya turubai, nikaendesha. Chini ya mlima nilimkuta mjomba, kaka yake Mama, na wanaume wa kijiji wamelowa chapachapa, na jeneza la msikiti wamekwisha kuliteremsha.

"Simama hapo, mwanangu."

Hata shikamoo sikumpa. "Mjomba, gari linapanda! Loki ninayo! Mtamwangusha!"

Nilipiga kelele vibaya, mbele ya watu wazima. Naijua desturi: maiti wetu hubebwa mabegani, na kila mwanamume hutaka zamu yake, hata hatua chache, apate thawabu. Lakini mie nilikuwa nimeutengenezea mlima ule gari, na sikutaka mtu mwingine aupande na mamangu.

Mjomba hakukasirika. Alishika mlango wangu. "Twajua linapanda. Tumelisikia masika yote. Umembeba akiwa hai peke yako, na sisi tulikuwa tukikutazama tu. Tuachie leo."

Nikazima injini. Walimhamishia kwenye jeneza, wakaanza kupanda na shahada midomoni, wakipokezana mabega. Mmoja aliteleza akapiga magoti, na kabla jeneza halijainama mikono mingine ilikuwa imekwisha kulidaka. Nililia kwa sauti, sikujali nani ananisikia.

Kisha niliwasha, nikabonyeza swichi, nikawafuata. Gari halikuteleza hata kidogo. Kiti cha kushoto hakikuwa na mtu, na kwenye kila shimo nilipunguza mwendo, nisimuumize.