Nyumba Aliyoitazama Bila Kuuliza

Mtaani wanamwita Fundi Kochi, na jina hilo limemkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kusoma hajui. Anajua makochi. Ukimletea kochi lililobonyea katikati, analipindua miguu juu, anachana kitambaa cha chini, anatia mkono tumboni mwake kama daktari wa ng'ombe, kisha anakutazama. Hasemi kitu.

Zamani hakuwa na haja ya kusema. Mkewe ndiye aliyesema. Walikwenda kazini pamoja, majumbani kwa watu, yeye na futi yake, mke na mdomo wake. Fundi anapima, mke anauliza. Nani hulala kwenye kochi hili? Mna watoto? Mna paka? Huu mguu umevunjika vipi, mlimpiga nani nao? Wenye nyumba wanacheka, wanajibu, wanajikuta wanasema hata ambayo hawakuulizwa. Kabla chai haijapoa mke anajua kitambaa gani kitafaa na kama malipo yatatoka. Wakishafika nje anamwambia mumewe, "Wale wamegombana, hawazungumzi. Chukua pesa kabla hujakata kitambaa." Fundi anachukua. Miaka yote hiyo kazi haikuwahi kumtupa, na yeye akadhani ni vipimo vyake.

Mke alifariki msimu wa baridi. Tangu hapo Fundi anaamka, anakaa ukingoni mwa kitanda na viatu mkononi, anangoja aambiwe leo wanakwenda kwa nani. Hakuna wa kumwambia. Mwisho anavaa viatu hivyo hivyo.

Hapo ndipo mkwe wake alipokuja na habari ya nyumba.

Mkwe ni mtu mwema, aseme mtu lolote. Anauza simu dukani, na yake mwenyewe ni kubwa kama sahani. Aliketi na mkewe, binti pekee wa Fundi, akafungua picha. Nyumba ndefu, paa jekundu, milango imepangwa safu moja, kila mlango na mpangaji wake. Iko mkoa mwingine kabisa, safari ya basi ya kutwa nzima.

"Baba, huku kwetu nyumba hainunuliki tena. Bei imepaa. Kule bado iko chini, na kodi wanayolipa watu inakaribia ya huku. Nimepekua wiki nzima, nimelinganisha mji kwa mji. Halafu kuna chuo kinajengwa pale karibu. Wanafunzi watalala wapi?"

"Kwao," alisema Fundi.

Binti akaangua kicheko. Mkwe akaendelea, maana muuzaji hakatizwi maneno.

"Benki inatoa mkopo, Baba. Tunaweka dhamana hati ya nyumba hii. Wapangaji wanalipa kodi, kodi inalipa benki, kinachobaki chako. Mkopo ukiisha, nyumba ni yako. Hutoi hata senti mfukoni."

Fundi alilichukua jambo lile taratibu, kama mtu anayebeba sinia la vikombe.

"Mimi nakopa."

"Ndiyo, Baba."

"Wao wanalipa."

"Ndiyo."

"Na nyumba hii inakwenda benki."

"Hapana, nyumba inakaa hapa hapa. Inayokwenda ni hati."

Fundi akalirudia moyoni. Hati inakwenda, nyumba inakaa. Akajaribu kulifikiria upande wa makochi, kochi libaki sebuleni na miguu yake iende kwa fundi mwingine, akaona kichwa kinamzunguka. Akatazama mlangoni. Nyumba ile waliijenga wawili, yeye akikoroga zege na mkewe akichota maji. Siku ya kumwaga saruji kizingitini mke alikanyaga ikiwa bado mbichi, alama ya kandambili ikabaki, na Fundi alipotaka kuisawazisha akakataliwa. "Iache," mke alisema, "ili nikichelewa kurudi nijue ni kwangu."

"Nitaiangalia hiyo nyumba," alisema Fundi.

"Afadhali," binti akasema. "Simu imeona, lakini jicho lako ni jicho lako."

Habari ilitangulia mtaani kabla yake. Kinyozi wa jirani alimpigia kelele kutoka kibandani.

"Fundi! Nasikia unakuwa bwana mwenye nyumba! Nipe chumba kimoja, kodi nitakulipa kwa kukunyoa."

"Sina nywele."

"Ndiyo maana nimekubali!"

Akasafiri. Dalali alimpokea stendi ya mabasi, kijana wa shati la kung'aa na kinywa kisichofungwa. "Shikamoo mzee wangu! Karibu, karibu mwenye mali! Mahali hapa baada ya miaka miwili hutapatambua, mzee wangu, patakuwa ghorofa tupu." Akasema hivyo njia nzima. Fundi hakupatambua hata wakati ule, basi aliona ni sawa.

Kwenye nyumba alifanya kazi yake yote. Alipima vyumba kwa futi. Alipitisha kiganja ukutani kutafuta ufa. Aliomba ngazi akapanda, akagonga bati moja moja. Alifungua bomba la uani, maji yakatoka, akalifunga. Kwenye mlango wa mwisho alisimama mama mmoja anayeuza sabuni ya maji, ndoo zake zimepangwa ukutani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Mlango wake ulikuwa unasugua sakafu. Fundi alitoa bisibisi mfukoni, akakaza bawaba, akaujaribu. Ukafunga bila kelele.

"Ehee! Ahsante sana. Mwaka mzima nausukuma kwa kiuno." Mama akajifuta mikono kwenye kanga. "Ndiwe mwenye nyumba mpya?"

"Natazama tu."

Mama hakuondoka. Alisimama pale akimwangalia, kama mtu mwenye neno na anayengoja kufunguliwa njia. Fundi naye alingoja. Aligeuka kushoto kwake, upande ambao siku zote alisimama mtu. Palikuwa na ndoo.

"Tumemaliza, mzee wangu?" dalali akasema.

Wakaondoka.

Aliporudi, binti na mkwe walikuwa wanamsubiri sebuleni.

"Haya Baba, lete habari. Ikoje?"

"Kuta nzima. Bati zima, pembeni kidogo pana kutu. Milango mitatu ilikuwa inasugua. Sasa miwili."

"Maji yapo?"

"Yalitoka."

"Siku uliyokwenda. Siku nyingine je?"

Fundi akatazama mikono yake.

"Wapangaji wanalipa kwa wakati? Na huyo mwenyewe anauza kwa nini, kama nyumba ina watu? Chuo kimefika wapi?" Binti alikuwa anauliza haraka haraka, kichwa kimeinama upande, na Fundi alimtazama kwa namna ya ajabu. Kisha binti akakoma. "Baba. Hukumuuliza mtu yeyote?"

"Kuuliza ni kazi ya mama yako."

Binti aliinuka akaenda jikoni, akafungua bomba likawa linamwaga maji bure. Mkwe aliifunika simu yake mezani, uso chini, na hilo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

Lakini dalali hakuwa wa kungoja. Alipiga simu kutwa, mara kuna mnunuzi mwingine, mara mnunuzi huyo ameshashika kalamu. Mkwe alikuwa haketi, hali chakula chake. Benki ilishamtuma mthamini akaipima nyumba ya Fundi. Mtu huyo alipita chumba kwa chumba na kifaa chenye mwanga mwekundu, akaruka kizingiti bila kutazama chini. Fundi alikubali kwenda benki. Kama alikubali kwa sababu ameelewa au kwa sababu amechoka kutoelewa, mwenyewe hajui mpaka leo.

Afisa wa mikopo alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Aliwaeleza kwa upole. Riba hii, marejesho haya, muda huu, bima ile. Maneno yalipita juu ya kichwa cha Fundi kama ndege wanaokwenda nchi nyingine. Kwa kuwa haandiki, wakamletea kidau cha wino. Akachovya dole gumba.

"Una swali lolote, baba?" afisa akauliza, kama anavyowauliza wote.

"Hana," alisema mkwe.

Fundi aligeuka kushoto. Alikuwapo binti yake, amekaa palepale, midomo ameibana. Alikuwa anangoja. Fundi akatazama dole gumba lake jeusi. Akafungua kinywa, na sauti ikatoka kama mlango wenye kutu.

"Wakihama?"

"Nani, baba?"

"Wapangaji. Wakihama wote. Nani anakulipa?"

"Wewe, baba. Mkopo ni wako."

"Na mimi nikishindwa?"

"Kuna utaratibu. Tunakuandikia barua, tunakupa muda. Ikishindikana kabisa, tunauza dhamana."

"Dhamana ndiyo nini?"

Afisa alimtazama mkwe, kisha akamrudia mzee. "Nyumba unayokaa, baba."

"Pamoja na kizingiti?"

"Kizingiti?"

"Kina mguu wa mke wangu."

Afisa alivua miwani. "Tunauza nyumba nzima, baba," alisema polepole. "Hatutoi vipande."

Fundi aliinamisha kichwa, kama mtu aliyepewa kipimo sahihi. Akalifuta dole kwenye suruali yake, ile nzuri, ya mazishi.

"Basi ngoja kwanza."

Binti alicheka na kulia kwa pamoja, akawa anatafuta leso asiione, na ilikuwa mkononi mwake.

Nje ya benki mkwe alikaa kwenye ngazi. Jasho lilikuwa limemlowesha shati. "Baba, umeniangusha," alisema. "Ile nyumba imekwenda."

Siku nyingine Fundi angesimama kimya mpaka basi lije. Lakini kinywa kilikuwa kimeshafunguka, na hakujua namna ya kukifunga.

"Mkwe. Wewe unaitaka kwa nini hivyo?"

Mkwe alimtazama mkewe, akatazama lami.

"Duka linafungwa. Mwisho wa mwezi huu." Akafuta jasho usoni. "Nilisema moyoni nitakuwa msimamizi wa nyumba ile. Nikukusanyie kodi, nishughulikie mafundi. Niwe na mahali pa kuamkia asubuhi."

"Umejua lini?" binti akauliza.

"Muda."

"Muda gani?"

Binti akaketi karibu naye kwenye ngazi, si karibu sana. Fundi alibaki amesimama mbele yao, na ile hati kwapani. Hakuelewa nyumba ya mkoa mwingine, hakuelewa hati inakwendaje na nyumba inakaaje, na kama wapangaji wale wangelipa au wangehama hatajua kamwe. Mahali pa kuamkia asubuhi alipaelewa.

"Kesho nina kochi la watu," alisema. "Njoo. Mimi napima. Wewe unauliza."

"Niulize nini, Baba?"

"Utaona."

Asubuhi mkwe alikuja mapema, ameruka alama ya kandambili kwa hatua ndefu. Walikwenda kwa mwalimu mmoja mstaafu na mkewe. Fundi alilipindua kochi, akachana kitambaa cha chini, akatia mkono ndani. Mkwe alisimama kushoto kwake, akakohoa.

"Kwa hiyo," aliwaambia wenye nyumba, "mmepanga bajeti ya kiasi gani?"

Mwalimu alimtazama mkewe. Mke akatazama dirisha. Chumba kikapoa.

Fundi, mkono ungali ndani ya kochi, alitikisa kichwa.

"Waulize kama wana paka," alisema.