Fimbo ya Tatu kwenye Kiti cha Baba

Baba alipopooza miguu, shida kubwa nyumbani kwetu Butiama haikuwa chakula wala dawa. Ilikuwa kumtoa kitandani. Mimi nachomelea vyuma Bunda na narudi nyumbani Jumamosi. Mama alishafariki, dada yangu ameolewa Murangi. Siku za kazi aliyebaki na baba ni mke wangu, na mkamwana kwetu haingii chumbani mkwe wake akiwa amelala, wala hamgusi. Jirani mmoja, mwanaume, alikuwaga anakuja kumnyanyua na kumweka kwenye kiti cha magurudumu, ila naye ana ng'ombe wake. Siku nyingine alifika saa tano, baba bado amelala vilevile, amebanwa mkojo, anaona haya kuita. Simlaumu jirani. Sijui kama mimi ningefika hata mara mbili kwa wiki.

Baba akaniambia, "Nipeleke kwa dada yako. Kule kuna mtu wa damu."

"Utakaa kwa mkwe wako, baba?"

"Ni aibu, ndiyo. Ila hii ya hapa ni kubwa zaidi."

Nikajua hataki kwenda. Alitaka kufia kwake. Nikamwomba anipe mwezi mmoja.

Miguu ilikuwa imekufa lakini mikono yake ilikuwa ya mtu aliyeshika plau miaka yote. Nikafikiri: nitengeneze kiti kinachoanzia usawa wa kitanda, avute mpini, kipande juu mpaka usawa wa kile cha magurudumu, ateleze mwenyewe. Cha kwanza kilipanda huku kinainama, kingemwaga mtu kama maji. Nikaenda Musoma kwa mwalimu mmoja wa ufundi niliyewahi kumchomelea geti.

"Umesoma mpaka wapi?" akaniuliza.

"La saba."

"Kuzidisha unajua. Inatosha."

Akachukua chaki, akachora sakafuni. Hakuchora kiti. Alichora mistari mitupu na viduara vidogo pale mistari inapokutana. Mstari ni chuma, kiduara ni bolti. Nguzo ya ukutani akaiwekea vimistari vya mshazari, maana yake haiendi popote. Kutoka kwenye nguzo akatoa fimbo mbili za urefu sawa, moja juu, moja chini, mpaka kwenye mstari wa kiti. "Zikiwa sawa hivi," akasema, "kiti kinapanda bila kuinama."

Kisha akanifundisha kuhesabu. Chuma kikiwa peke yake kina njia tatu: kwenda mbele na nyuma, kwenda juu na chini, na kuzunguka. Kila bolti inakula njia mbili. Vyuma vinavyotembea ni vitatu, yaani fimbo mbili na kiti. Tatu mara tatu, tisa. Bolti nne zinakula nane.

"Imebaki ngapi?"

"Moja."

"Hiyo moja ndiyo ya mzee wako. Ikiwa mbili, kiti kinayumba. Ikiwa sifuri, amekwama."

Nilikifunga Jumapili, na mfuko wa mchanga unaoning'inia upande wa pili wa nguzo kusawazisha uzito wake. Kikapanda vizuri. Baba akakitazama kwa muda mrefu.

"Hivi vijiti viwili ndiyo vinibebe mimi? Hata beberu wa mbuzi akiviona atacheka."

"Vinabeba, baba."

"Ongeza kimoja."

Nikaongeza fimbo ya tatu, katikati ya zile mbili. Usiku kabla ya kulala nilihesabu kwenye daftari. Vyuma vinavyotembea vinne, mara tatu, kumi na mbili. Bolti sita, zinakula kumi na mbili. Sifuri. Nikarudia, sifuri. Lakini kiti nilikuwa nimekiona kwa macho yangu kikipanda na kushuka na fimbo zote tatu. Nikasema, wewe wa la saba, umekosea hesabu. Sikumpigia mwalimu. Niliona haya kumsumbua.

Baadaye mwalimu alinieleza kwamba sikukosea. Fimbo ya tatu inaruhusu kutembea ikiwa ni sawasawa kabisa na wenzake. Matundu yangu ya bolti yalikuwa yamepishana kidogo, na kiti kilikuwa kinatembea kwa sababu bolti zilikuwa zimelegea. Wiki tatu kilifanya kazi. Baba alitoka mwenyewe asubuhi, akanawa uso uani mwenyewe. Kisha akalalamika kwamba kinalialia. Nikazibana nati zote nikaenda Bunda.

Jumanne, saa mbili asubuhi, mke wangu akapiga simu.

"Baba amekwama. Kiti hakipandi wala hakishuki. Majirani wameenda msibani."

Nikamsikia baba kwa nyuma, "Usiingie, mama. Nipo sawa."

Nikamwambia asubiri, nakuja. Hilo nililisema mimi, hakuna mwingine wa kubebeshwa. Nikaazima pikipiki ya mwenzangu.

Mke wangu alisimama nje ya pazia, ameupa mlango mgongo. Walizungumza habari za mvua, za pamba, za ndama aliyekataa kunyonya. Baba alikuwa ananing'inia nusu, mpini umembana mbavuni. Baada ya muda akawa anajibu neno moja moja. Kisha akanyamaza.

"Baba?"

Kimya. Mke wangu akajifunika kanga usoni, akaingia, akampa mgongo, akambeba mpaka kitandani.

Nilipofika, baba amegeukia ukuta. Mbavu hazikuvunjika. "Ijumaa nipeleke Murangi," akasema. Nikampeleka.

Jioni ya Ijumaa hiyo mke wangu aliniuliza, "Nimekosa?"

Nikamwonyesha daftari, maana isingekuwa haki abebe kosa langu. Akahesabu kwa kidole, mara moja tu.

"Sifuri," akasema. "Kwa hiyo ulijua."

"Nilihesabu. Sikujiamini."

Hakunitukana. Heri angenitukana.

Nikaitoa fimbo ya tatu, nikaenda Murangi. Baba alikuwa ameketi nyuma ya nyumba ya dada, mkwe wake anapita mbali kwa heshima.

"Sasa ziko mbili tu, baba. Kinapanda."

"Najua. Wewe ni fundi. Mwambie mkeo hakukosa. Ila nikirudi nitamtazama vipi?"

Nyumbani mke wangu alikuwa ananingoja barabarani.

"Amesemaje?"

"Amesema hukukosa."

"Na kurudi?"

Nikamwambia atarudi baada ya kuvuna pamba. Baba hakusema hivyo.

Kesho yake mke wangu akachota udongo, akauchanganya na mavi ya ng'ombe, akakandika kuta za chumba cha baba na sakafu, amepiga magoti, mikono imezama mpaka viwikoni. Ilimchukua siku mbili. Nilikuwa namletea maji. Nafasi ya kusema ukweli nilikuwa nayo siku zote mbili.

Baba alifia Murangi, pamba bado iko na maua.