Maziwa ya Darasa la Tatu

Haya, chekeni sasa mmalize kabisa, kwa sababu hii aibu nimeificha tangu enzi za maziwa ya Nyayo, yale ya bure tuliyoletewa shuleni kwa pakiti za pembetatu, na hadi leo nikiikumbuka natamani ardhi inimeze.

Nilikuwa bado chuo cha ualimu, nimetumwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi hapo Eldoret, ukishika njia ya Soy. Nikifeli, narudia mwaka mzima, na baba kule Burnt Forest alikuwa ashatangazia kanisa lote kwamba binti yake ni mwalimu (cheti chenyewe hata sijakiona!). Nikapewa darasa la tatu, watoto wa kelele usiambiwe, wanagonga madawati na penseli mpaka husikii sauti yako. Asubuhi moja nikachoka, nikafunua kreti ya maziwa kabla ya saa yake, nikawagawia. Kimya! Nikajiona mtaalamu, maana Bwana Kirwa, mwalimu wetu wa saikolojia chuoni, alitufundisha kwamba kiumbe akifanya jambo akapewa zawadi, atalirudia. Nikasema hawa sasa nimewafunza kunyamaza.

Kumbe zawadi ilikuwa inafuata kelele (hilo sikuliwaza hata kidogo). Kesho yake wakagonga mapema zaidi, nikagawa. Mwishowe ikawa Chebet wa dawati la mbele akigusa meza na penseli mara moja tu, miguu yangu inajipeleka yenyewe kwenye kreti.

Siku ya kukaguliwa akaja nani kama si Bwana Kirwa mwenyewe, na suti yake ya kijivu, na kwa vile viti havikutosha akakalia kreti ya maziwa kule nyuma. Nilianza vizuri sana, watoto wametulia kwa kumwogopa mgeni, mto Nzoia nimeuteremsha kwa chaki ubaoni mpaka katikati, mwalimu mkuu yuko mlangoni anatabasamu, halafu Bwana Kirwa, akiwa na mawazo yake, akagonga dawati kwa kalamu. Ko, ko.

Sikumaliza sentensi. Nilienda moja kwa moja mpaka nyuma nikamwambia, "Simama kidogo, mwalimu," naye akasimama (maskini, alidhani ni sehemu ya somo), nikaanza kugawa. Watoto wakaruka madawati, mmoja akang'ata pakiti kwa pupa, maziwa yakarukia ile suti. Hapo ndipo nikazinduka.

"Saa ya maziwa bado!" mwalimu mkuu akafoka.

Chebet akanitetea, "Lakini mwalimu, si mgeni amegonga!"

Bwana Kirwa akajifuta polepole, akaangalia kalamu yake, akaangalia watoto, akaniuliza, "Sasa Wambui, hapa nani amemfundisha nani?"

Nililia chooni. Lakini alinipitisha, eti darasa lenye mafunzo mazuri namna ile haliwezi kufelishwa (sijui hata kama ilikuwa sifa). Juma lililofuata akasimulia kisa chote mbele ya ukumbi mzima wa chuo, nami nimeinamisha kichwa najifanya naandika, nikiomba asinitaje. "Jina lake silitaji," akamalizia, nikashusha pumzi. Kisha akagonga meza kwa kalamu.

Nilikuwa nimeshasimama.

Tangu siku hiyo sijawahi kumpa mtoto kitu ili anyamaze, wangu au wa mwenzangu, na mkutanoni nikiona mtu wa kuchezea kalamu amekaa karibu nami, nahama kiti.